Hewa ya Zuhura Ndani ya Duara la Mokami

Elimu yangu niliiokota njiani. Darasa la kwanza na la pili nilisoma Ringwani, la tatu nikasomea ng'ambo ya mpaka, Migori, kwa shemeji zetu Wajaluo. La nne nililiruka kwa sababu ya ng'ombe, na la tano nikalimalizia ukubwani, mwalimu wetu akiwa mdogo kuliko viatu vyangu. Kwa hiyo zamani ungeniuliza habari za sayari ningekuonyesha nyota ya asubuhi, nikakwambia hiyo ndiyo inayoamsha wakamuaji, basi. Leo nina zaidi ya hapo la kusema, na namshukuru Mungu kwamba nililijua siku moja kabla ya kuhitajika.

Nianze na duara. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na la kwetu liko Nyakunguru, kina chake mita ishirini na mbili. Mwenyewe ni mama mmoja anaitwa Mokami, ambaye hukaa juu kwenye winchi na kutushusha kama ndoo. Wachimbaji tulikuwa watatu: mimi Werema, Athanas mtoto wa dada yangu, na Wiliam, kijana ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo.

Duara hilo lina sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Mvua zikitufukuza, yule aliyetoka shimoni wa mwisho ndiye atakayeingia wa kwanza siku ya kufungua tena. Sababu ipo. Yeye ndiye anayejua nguzo ipi ilikuwa inalia, wapi mwamba ulikuwa umeanza kumeguka. Mwezi wa tatu, maji yalipoanza kutuchezea miguuni, aliyetoka wa mwisho nilikuwa mimi.

Siku hiyo niliona jambo. Maji yale yalikuwa machungu, ukiwa na mkwaruzo mkononi yanachonyota. Na pale yalipogusa ule mshipa mweupe wa jiwe ulioshuka ukutani, yalikuwa yanatoa mapovu madogo madogo, bila kukoma. Nilipofika juu nikawaambia wenzangu.

Wiliam akaruka. "Dhahabu inapumua! Mama Mokami, nunua kiroba, dhahabu inapumua!"

Haya si maneno ya Wiliam peke yake. Nimeyasikia Geita, nimeyasikia Kahama, na mimi mwenyewe nimewahi kuyasema kwa watu waliokuwa wananiamini. Maji yakitoa mapovu shimoni, wachimbaji wengi hushangilia. Basi tangu mwezi wa tatu hadi wa saba tulikaa tukilingojea lile duara kama mahari.

Shida ikawa goti langu. Miezi minne ya kukaa ililifanya ligome kabisa. Athanas akaja nyumbani kwa mama yake, dada yangu Rhobi, akanikuta nalikanda kwa mafuta.

"Mjomba, siku ya kufungua nitaingia mimi badala yako. Nitaingia kwa jina lako."

"Mama yako atasemaje?"

"Atasema nini? Mjomba ni mama."

Nikafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi. Nilimwachia zamu yangu kama mtu anavyoachia kiti kwenye harusi.

Wakiwa wanaendelea kunyonya maji kwa pampu, mimi nikaenda Ringwani, maana sijui kukaa mahali pamoja zaidi ya wiki mbili. Dada yake Athanas, Irine, anafundisha sayansi shule ya msingi huko, na alikuwa ameniomba mawe ya duara letu kwa ajili ya somo. Nikambebea kwenye kiroba: jiwe jeusi lenye ukijani, jiwe jeupe la ule mshipa, na lile la njano linalong'aa ambalo limewalaghai wageni wengi wakadhani wametajirika.

Alhamisi saa nne nikaingia darasani kwake. Ubaoni kulikuwa na neno moja: ZUHURA.

"Shikamoo, Mjomba," Irine akaniambia, na watoto wote wakasimama wakaniamkia kwa sauti ya kuezua bati.

"Marahaba. Kaeni jamani, shule itatuangukia."

Nikapewa dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu.

"Zuhura ndiyo ile tunayoiita nyota ya asubuhi," Irine akaanza. "Si nyota. Ni sayari, jirani yetu, na ukubwa wake karibu sawa na dunia. Ni mwamba kama huku kwetu. Ina milima, ina mabonde, ina tambarare pana za mawe yaliyotoka kwenye volkano yakiwa uji wa moto, yakaganda. Ukiiona kwa mbali inavyong'aa utatamani kufanyia harusi kule."

Watoto wakacheka.

"Lakini hewa yake, katika kila sehemu mia, tisini na sita ni hewa ukaa, hii tunayoitoa puani. Tena imerundikana. Chukueni ziwa letu la Viktoria pale lenye kina kirefu kabisa, mweke lingine juu yake, na lingine, mpaka yafike kumi na moja. Mtu aliye chini ya maji hayo anavyobanwa, ndivyo angebanwa akisimama Zuhura. Na hewa hiyo inashika joto kama blanketi. Risasi, ile wavuvi wanayofunga kwenye nyavu, kule ingeyeyuka kama mafuta ya ng'ombe. Warusi walipeleka chombo cha chuma kikatua, kikadumu saa mbili hivi, kikanyamaza."

"Mwalimu, mvua hainyeshi?"

"Mawingu yapo, yamefunika sayari nzima. Ila ni mawingu ya asidi, ile ya kwenye betri ya gari. Mvua yake inakauka angani kabla ya kugusa chini."

Binti mmoja wa mstari wa mbele, Bhoke, akanyoosha kidole. "Sasa ng'ombe wanakunywa nini?"

Darasa zima likalipuka. Irine akawasubiri wamalize.

"Bhoke ameuliza swali kubwa kuliko mnavyocheka. Hakuna ng'ombe kwa sababu hakuna maji. Na shida yote imeanzia hapo. Hata dunia yetu ina hewa ukaa nyingi vilevile, karibu kama ya Zuhura. Iko wapi? Mbona hatubanwi?"

Mimi nikaangalia dari, nisije nikaulizwa.

"Mvua iliiosha ikaishusha. Bahari ikaipokea, ikawa chokaa, ikawa mawe meupe. Kwetu imefungwa ndani ya mawe. Zuhura ilikosa maji, au ilikuwa nayo ikayapoteza, wataalamu bado wanabishana. Sasa angalieni jiwe la Mjomba."

Akachukua lile jiwe jeupe, akalipondaponda kidogo kwa nyundo, akakamulia limao. Likatoa mapovu. Taratibu, madogo madogo, bila kukoma.

Nikaacha kuangalia dari.

"Hiyo ndiyo hewa ukaa," akasema Irine. "Ilifungwa humu kabla hajazaliwa mtu yeyote. Asidi ya limao imeifungulia mlango."

Halafu akatia magadi kwenye jagi, akamimina siki, ikachemka ikatulia. Akawasha koroboi, kopo dogo la utambi na mafuta ya taa ambalo kwa mama yake lilikuwa limegeuka kuwa la kuwekea misumari. Akaliinamisha jagi juu ya koroboi kama mtu anayemimina chai, ila hakuna kilichotoka. Mwali ukalala, ukafa.

"Amemwaga nini?" mtoto mmoja akauliza.

"Hajamwaga kitu!"

"Kamwaga, mbona imezima!"

"Nimemwaga hewa ya Zuhura," akasema Irine. "Haionekani, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa yetu. Inashuka chini kama maji. Ukiipa shimo, itajaza shimo."

Nilisimama na dawati likanifuata.

"Mwalimu, samahani. Lile jiwe la njano. Lina nini?"

"Lina salfa, Mjomba. Likipata maji na hewa kwa muda mrefu linatoa asidi. Ile ile ya betri."

Maji machungu. Jiwe jeupe. Mapovu miezi minne. Watoto wakageuka wote kunitazama. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini Irine aliwapa zoezi haraka akanitoa nje.

Nilimweleza habari ya Olima, ambayo sikuwahi kuieleza nyumbani. Mwaka wa themanini na saba tulikuwa tukichimba pamoja, yeye Mjaluo wa Migori, rafiki yangu wa kula sahani moja. Siku hizo tulishuka na koroboi. Asubuhi moja ya Olima ikazimika mara mbili akiwa hajafika mbali, akapanda kuiwasha. Tukasema ni upepo. Mimi nilikuwa na tochi mpya ya betri mbili, nikampa. "Omera, ndugu yangu, chukua hii, upepo hauizimi." Kweli haikuzimika. Alipoanguka, tulichungulia tukaiona inawaka pale chini karibu na mkono wake, inawaka vizuri kabisa. Wazee wakasema shimo lina mwenyewe. Nami nikakubali, maana kukubali hivyo kulikuwa rahisi kuliko kufikiri. Tangu hapo sikukaa mahali.

Irine akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Athanas anaingia lini?"

Tukapiga simu ya Athanas. Ikapokelewa na Wiliam.

"Mzee wa goti! Maji tumemaliza leo. Kesho asubuhi saa tatu tunafungua. Yamebaki kidogo tu pale chini, na bado yanapumua!"

"Wiliam, sikiliza. Kesho mtu asiingie. Mle ndani kuna hewa mbaya."

"Hewa mbaya? Tumeshusha taa ya kichwani kwa kamba, inang'aa mpaka chini. Mwanga mweupe peee. Unataka nikuhesabie mawe ya chini?"

"Hiyo taa ni mwongo! Nipe Athanas."

Athanas akaja. "Mjomba, usiwe na wasiwasi. Nimeshakwambia naingia kwa jina lako."

"Ndiyo maana nakukataza."

"Sasa Mjomba, nikikataa leo watasema ukoo wetu wote unaumwa goti." Nyuma nikasikia Wiliam anacheka, na simu ikakatika. Ya Mokami ilikuwa imezimwa. Tulipiga mpaka kiganja kikapata joto.

Hapo niliona wazi kwamba maneno hayatatosha. Mwanaume wa Kikurya ukimwambia kuna hatari, umemwalika. Ilibidi aone kwa macho.

"Nipe hiyo koroboi," nikamwambia Irine.

Akaijaza mafuta ya taa, akaikazia utambi mpya wa pamba, akaifunga kwenye kanga yake. "Mjomba, na wewe usiingie."

Kabla hakujapambazuka vizuri nilikuwa nyuma ya bodaboda. Zuhura ilikuwa imesimama mashariki, kubwa, nyeupe, imetulia kama haijui lolote. Zamani ningesema inapendeza. Asubuhi ile niliitazama kama unavyomtazama jirani ambaye nyumba yake iliungua, ukashukuru alikupigia kelele.

Nilifika Athanas akiwa tayari amevaa mkanda. Mguu mmoja ndani.

"Shikamoo, Mjomba! Umekuja kunisindikiza?"

"Marahaba. Toa huo mguu."

Wiliam akapiga makofi. "Karibu, mzee! Umeleta nini kwenye kanga, mtoto?"

Nikaifungua. Alipoona koroboi akakaa chini kwa kucheka. "Mura, kijana mwenzangu, huyu mzee katuletea makumbusho! Sisi tuna taa ya mionzi mia tatu, yeye kaleta kopo la misumari!"

"Mama Mokami," nikasema, "kabla mtoto wa dada yangu hajaingia, naomba hii iingie. Ikifika chini inawaka, nitamshusha kwa mikono yangu na sitasema neno tena mpaka Krismasi."

Mokami ni mtu wa maneno machache. Alinitazama, akatazama koroboi. "Mpeni kamba."

Kamba yetu ina fundo kila mita. Nikaifunga koroboi kwa waya, nikaiwasha, nikaishusha polepole nikihesabu. Karibu nayo Wiliam akashusha taa yake, kwa dharau. Zikashuka pamoja, moja ya njano na moja nyeupe. Fundo la tano. La saba. La nane. Penye fundo la tisa mwali wa koroboi ukawa mfupi, ukainuka kutoka kwenye utambi kana kwamba umevutwa, ukapotea.

"Upepo," akasema Wiliam.

Neno lile lile. Miaka hii yote, neno lile lile. Nikaivuta juu, nikaiwasha, nikaishusha tena. Fundo la tisa, ikafa. Nikamkabidhi kamba. "Shusha mwenyewe, upepo utakupenda wewe."

Akashusha. Fundo la tisa. Akaivuta, akaigusa utambi, akainusa, akaiwasha, akaishusha upande mwingine wa shimo. Fundo la tisa. Na muda wote huo taa yake ilikuwa inang'aa kule chini, mita ishirini na mbili, inaonyesha kila jiwe, nzuri, haina habari.

Athanas akautoa mguu.

Nikawaeleza kama nilivyofundishwa: maji machungu yametoka kwenye jiwe la njano, yamekula jiwe jeupe, na kilichotoka si pumzi ya dhahabu, ni hewa ukaa. Kuanzia fundo la tisa kwenda chini kumejaa hewa ya Zuhura. Nikatoa limao la Irine mfukoni na kipande cha jiwe jeupe, nikakamua. Povu likainuka mbele ya macho yao.

Wiliam akaliangalia mpaka likaisha. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sasa mimi nilikuwa nashangilia nini?"

"Ulichoshangilia wewe nilikishangilia mimi kabla hujazaliwa," nikamwambia. "Kaa tupumue."

Mokami akaagiza mashine ya kupuliza hewa yenye bomba refu la plastiki. Nikahakikisha injini imekaa mbali, upande ambao upepo unauondoa moshi wake, na bomba likashuka hadi chini kabisa. Tukafunga matawi kwenye kamba ya pili tukawa tunayapandisha na kuyashusha kama mchi. Saa sita koroboi ikafa fundo la kumi na nne. Saa nane, la kumi na tisa. Wiliam ndiye aliyekuwa anaishusha, hakutaka kumpa mtu mwingine, na kila ikizimika alitangaza namba kama mhubiri anayetaja aya. Saa kumi ikafika chini ikasimama juu ya jiwe, ikawaka. Tukaiacha nusu saa. Ikaendelea kuwaka.

Nikaanza kuvaa mkanda. Zamu ilikuwa yangu.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mokami.

"Sheria. Aliyetoka wa mwisho."

"Wa kwanza kuingia leo ni koroboi," akasema. "Sheria imetimizwa. Athanas, fuata, na mashine isizimwe. Ukiona mwali unalegea, vuta kamba, hata kama umeshika jiwe la dhahabu la kilo."

Athanas akaja mbele yangu kwanza, akainamisha kichwa. Nikakiwekea mkono. Mtoto huyu nilimbeba mgongoni kuvuka mto. Karibu nimpeleke mahali pa Olima, tena kwa jina langu.

Alikaa chini robo saa. Nilihesabu kwa kutazama winchi tu, sikuweza kutazama shimo. Kisha kamba ikatikisika mara tatu, na Mokami akaanza kuzungusha. Kofia ikatokea, uso ukatokea umejaa matope, meno meupe.

"Nguzo ya pili imeoza," akasema. "Maji bado yanatoa mapovu. Na nina njaa."

Rhobi alikuwa amefika, Irine alimpigia simu. Hakulia wala hakupiga kelele. Alimshika mtoto wake shati, mbele na nyuma, kama anayepima kama linatosha, halafu akanigeukia mimi akaniita jina la utotoni ambalo hakuna aliye hai mwingine anayelijua.

Nikampigia Irine. "Mwalimu, katoka."

Alikuwa bado shuleni, kwenye masomo ya jioni. Nilisikia darasa linapiga kelele nyuma yake, halafu sauti ya yule Bhoke: "Mwalimu, ndiye yule babu wa mawe?"

"Mwambie ndiye," nikasema. "Mwambie na asante kwa swali la ng'ombe."

Wiliam alikuwa wa mwisho kuivuta kamba ya koroboi. Ikatoka shimoni bado inawaka, kamwali kadogo, karibu kasionekane kwenye mwanga wa jua. Athanas akainama kuipuliza.

"Usithubutu," Wiliam akamwambia, akaiwekea kiganja kuikinga na upepo. Tukaiweka juu ya jiwe jeupe, tukala ugali wetu kuizunguka, mpaka mafuta yakaisha yenyewe.